Mbwa Mwenye Kuvunjika Mgongo: Kumuua, Kumtunza ao Kupita?

Kila mwenye kutembea kwa miguu mu Bukavu amekwisha kumuona. Analala kando ya barabara, upande wa Essence ao kwenye mteremko wa Kadutu, miguu ya nyuma haimfuati tena, na kila pikipiki inapopita anainua kichwa. Nani alimgonga, hakuna anayejua, ilikuwa usiku. Watu wanamzunguka. Mama mwenye beseni ya ndizi kichwani anavuta mkono wa mtoto wake asimkanyage. Kijana mmoja anamtupia jiwe, wala si kwa hasira, ni desturi tu. Jua litazama, na kama hajafa, kesho asubuhi atakuwa pale pale, na inzi watakuwa wamekwisha kufika.

Swali letu katika kurasa hizi ni hili: mbwa yule, asiye na mwenyewe, mwenye kuumia vibaya, anatudai kitu? Na kama anatudai, ni kitu gani: dawa, maji, ao kifo cha haraka? Tunajua kuna wasomaji ambao wamekwisha kuanza kucheka. « Batu banakufa, nyinyi munaandika juu ya mbwa! » Neno hilo tutalijibu, maana si neno la mjinga. Lakini tunaomba kwanza msomaji atupatie nafasi kidogo ya kutoka mbali.

Tuanze nyumbani. Mara nyingi tunasikia kwamba katika mila zetu mbwa hana heshima hata kidogo. Maneno ya kila siku yanaonekana kukubali: kumwita mtu mbwa ni tusi lenye kuleta vita, na « mtoto wa mbwa » ni baya kupita. Kiswahili chenyewe kinamwita mbwa wa njia « mbwa koko », na neno linatoka mdomoni pamoja na dharau yake. Hata hivyo tusi si historia. Kabla ya bunduki kuenea, nyumba nyingi za upande wa msitu zilikula nyama kwa sababu ya mbwa. Mbwa wa mwindaji alifungwa kengele ya mti shingoni, kwa kuwa mbwa wetu wa zamani hawakuwa wenye kubweka sana; kengele ndiyo iliyomwambia mwindaji mnyama amekimbilia upande gani. Nyama ikigawanywa, mwenye mbwa alikuwa na fungu lake, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mbwa hao hao, ndugu wasomaji, leo wanauzwa kwa bei kali Ulaya na Marekani. Wazungu waliwachukua Kongo, wakawaonyesha mu London kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1937, wakawaita « basenji ». Neno lenyewe mnalisikia: ni mbwa wa washenzi, yaani sisi. Tunaacha jambo hilo hapo, lina kurasa zake.

Kwa Warega wa Mwenga, Shabunda na Pangi, ndani ya Bwami kuna sanamu ndogo za wanyama wenye miguu minne, za pembe ao za mti, na nyingi kati yake wataalamu wanazitambua kuwa mbwa. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyekaa na Warega katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu juu ya utamaduni wao mwaka 1973, alionyesha kwamba vitu kama hivyo havikuwa vya kupamba nyumba. Kila kimoja kilitembea pamoja na methali zake, na methali zilikuwa za kumfundisha mtu tabia. Kwa hiyo mbwa aliingia mahali pa kufundishia utu. Asingeingizwa pale kama angekuwa takataka tu.

Lakini tusizipambe mila kupita kiasi. Mbwa aliheshimiwa kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya mwenyewe. Kijijini, mbwa alikuwa wa nyumba fulani. Akiumizwa, kulikuwa na mtu wa kwenda kulalamika kwake, ao mtu wa kwenda kuombwa msamaha. Mbwa asiye wa mtu yeyote, mwenye kulala chini ya meza za soko na kula mifupa ya kabari na majani ya takataka, huyo ni mtoto wa mji. Mji wetu ulijengwa na Wabelgiji juu ya peninsula zake tano, wakauita Costermansville, kwa watu wachache. Leo watu wake wanahesabiwa kwa zaidi ya milioni, na milima ya Kadutu, Cimpunda na Panzi imejaa nyumba mpaka kwenye mifereji. Penye watu wengi na takataka nyingi, mbwa wanakuja bila kuitwa. Ndiyo sababu ukimuuliza mzee: « Mila inasema nini juu ya mbwa wa njia aliyevunjika mgongo? » atakaa kimya kidogo. Si kwamba amesahau. Hakuulizwa hivyo na baba yake. Swali ni jipya, na ni sisi watu wa mji tunaopaswa kulifikiri, tukitumia vipande vya mila tulivyo navyo.

Dini nazo zinatupatia vipande. Mji huu ni wa wakristo wengi, na wakatoliki wanasoma kitabu cha Tobiti ambamo kijana Tobia anaanza safari, malaika anamsindikiza, na mbwa anawafuata. Mbwa yule hafanyi muujiza wowote. Anakwenda nao, anarudi nao, ni hayo tu. Na aliyeandika aliona inafaa kumtaja. Katika mfano wa Lazaro maskini, wanaofika kulamba vidonda vyake mlangoni pa tajiri ni mbwa, wakati watu wanapita wakienda kula. Kitabu cha Mithali kinasema kwamba mtu wa haki anaangalia uhai wa mnyama wake. Na ndugu zetu waislamu, ambao wengi wanawadhania kuwa maadui wa mbwa kwa sababu ya mambo ya usafi, wana Hadithi yenye kujulikana sana: mtu mwenye kiu alishuka kisimani, akanywa, alipotoka akaona mbwa anaramba udongo kwa kiu, akarudi chini, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na Mungu akamsamehe. Mbwa yule wa kisimani hakuwa wa mtu. Hilo ndilo linalotushika sisi. Fundisho la usafi linabaki mahali pake, na kiatu cha maji pia.

Sasa twende mbali kidogo, maana kuna nchi ambamo swali letu limeulizwa kwa nguvu zaidi kuliko hapa. Ni nchi za wabudha, kama vile Thailand na Sri Lanka. Kanuni ya kwanza kati ya tano ambazo kila mbudha wa kawaida anazishika ni kutoua chochote chenye uhai. Mfalme Ashoka wa India, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliyeacha vita akawa mbudha, aliandikisha juu ya mawe kwamba ameweka matibabu ya aina mbili, ya watu na ya wanyama. Karibu miaka 2300 imepita! Katika Thailand, mbwa asiyetakiwa anapelekwa mara nyingi kwenye ua wa hekalu. Watawa wanamgawia mabaki ya chakula walichopewa na waumini. Mfalme Bhumibol mwenyewe alichukua mtoto wa mbwa wa njia mwaka 1998, akamwita Tongdaeng, na mwaka 2002 akatoa kitabu juu yake. Nchi ile iliweka sheria ya kukataza ukatili kwa wanyama mwaka 2014. Sri Lanka, kuanzia mwaka 2006, serikali iliagiza kuacha kuua mbwa wa njia.

Msomaji atasema: basi kule mbwa wamefika mbinguni. Hapana. Kwa sababu kanuni ile ile yenye kumlinda mbwa asipigwe risasi ndiyo yenye kuleta shida kubwa anapovunjika mgongo. Daktari wa wanyama, hasa mwenye kusomea Ulaya, anamwangalia mbwa ambaye mfupa wa mgongo umekatika, funza wameingia ndani ya kidonda, na anasema: huyu hataponya, nimchome sindano alale. Mama aliyemleta, mbudha, anatetemeka. Kwake, kuua ni kuua, hata kwa huruma. Na tena anaamini mateso ya kiumbe yana chanzo chake na mwisho wake, si yeye wa kuyakatiza. Anamrudisha nyumbani. Atamsafisha, atamlisha kwa mkono, siku kumi, ama miezi miwili, mpaka afe mwenyewe. Wengine kati ya wabudha wenyewe hawakubaliani naye; wanasema nia ndiyo inayopima tendo, na nia ya kuondoa maumivu haiwezi kuhesabiwa sawa na nia ya kuharibu. Mabishano yako pale, hayajaisha.

Tumeyaleta mabishano hayo hapa Bukavu kwa sababu yanatuonyesha sura yetu. Mbudha anakataa kuua, lakini anakataa huku ameshika bakuli ya wali mkononi. Mzungu mwenye sindano anakubali kuua, lakini ameacha kazi zake na ameinama juu ya mbwa. Hao wawili wanabishana wote wakiwa wamepiga magoti. Sisi tunafanya nini? Hatumuui, hatumtunzi. Tukiulizwa kwa nini hatumuui, tunajibu kwa sauti ya kidini: « Ni Mungu njo anajua saa yake. » Tukiulizwa kwa nini hatumtunzi, tunajibu kwa sauti ya kimaskini: « Makuta iko wapi? » Hivi majibu mawili yanasaidiana ili miguu iendelee kutembea. Kwa maoni yetu, mtu hawezi kuazima katazo la mbudha na kuacha bakuli yake.

Na tusiseme kwamba watu wa Kivu hawajui kumhurumia mnyama aliyeumia. Wanajua sana, na kwa ufundi. Kule Lwiro, karibu kilometa 50 kutoka hapa, ndani ya ukumbi wa utafiti ambao wakoloni waliuanzisha mwaka 1947, kuna tangu mwaka 2002 kituo cha kupokea sokwe na nyani yatima. Wanafika wakiwa wamefungwa kamba kiunoni, wengine na vidonda vya mitego, wengine na risasi mwilini, wengine wamedumaa kwa njaa. Watoto wa Kabare, wake kwa waume, wanawalisha kwa chupa usiku, wanawapa dawa, wanawabeba mgongoni. Upande wa Kivu ya Kaskazini, katika mbuga ya Virunga, kuna tangu mwaka 2011 kikosi cha mbwa wanaosaidia walinzi kufuata nyayo za majangili. Mbwa hao wana chakula kwa saa, wana daktari, wana walinzi wanaowajua kwa majina. Kazi nzuri, tunaipongeza. Lakini fikirini: sokwe anatibiwa kwa sababu aina yake inakwisha duniani. Mbwa wa Virunga anatibiwa kwa sababu ana kazi. Mbwa wa Nyawera hana kazi, na aina yake haiishi kamwe! Ana kitu kimoja tu cha kuonyesha: anaumia. Kama tungesema kwa lugha ya mji, hana papier. Na swali lote la maadili linakaa pale: je, maumivu peke yake ni papier yenye kutosha?

Mwingereza Jeremy Bentham alijibu ndiyo mwaka 1789, alipoandika kwamba si lazima kuuliza kama mnyama anaweza kufikiri ao kusema. Kinachofaa kuulizwa ni kama anaweza kuteseka. Mjerumani Kant, wa wakati ule ule, alijibu kwa njia nyingine: mnyama mwenyewe hatudai kitu, lakini mwenye kuzoea kumtesa mnyama moyo wake unakauka pia mbele ya watu. Wanafunzi wa filozofia katika seminari zetu wanawajua wote wawili. Sisi tunaona Bentham alikuwa karibu zaidi na ukweli, maana mbwa anapolia usiku kucha halii kwa ajili ya kufundisha watu tabia, analia kwa sababu mgongo unamuuma. Lakini katika mji wetu Kant naye ana kitu cha kutuambia.

Mji huu umeona mengi. Mwaka 1994 wakimbizi walijaa kwenye barabara na kwenye viwanja. Mwezi wa Oktoba 1996 vita viliingia ndani ya mji, na Askofu Mkuu Munzihirwa akauawa pale Nyawera. Juni 2004 tena. Februari 2025 tena, M23 walipoingia. Kila mara watu walijifunza kupita haraka mbele ya kitu kilicholala chini, bila kuangalia sana, maana kuangalia kulikuwa kunaweza kumuua mtu. Hatumlaumu yeyote kwa ajili ya siku zile. Lakini jicho lililojifunza kutoona wakati wa vita halisahau kazi yake wakati bunduki zimenyamaza. Linaendelea. Leo ni mbwa, na mita tano mbele ya mbwa kuna maibobo amelala juu ya karatoni mbele ya duka, na miguu yetu inamzunguka kwa namna ile ile, kwa mwendo ule ule. Mara nyingine mtoto na mbwa wanalala pamoja, kwa ajili ya baridi. Na mara nyingi, wa kwanza kumvuta mbwa aliyegongwa pembeni ya barabara, kumwekea maji ndani ya kopo la tomati, ni mmoja wa watoto hao. Yeye hana nadharia.

Sasa tulijibu lile neno: « Batu banakufa. » Ni kweli, na mwenye kulisema mu Bukavu ana haki ya kulisema. Tuna hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa na Daktari Mukwege mwaka 1999, na dunia nzima inajua kwa nini ilijaa. Tuna familia zenye kukaa ndani ya nyumba za mbao zenye kuchukuliwa na maji ya mvua. Kama kuna chupa moja ya dawa, na mtoto na mbwa wote wawili wanaihitaji, dawa ni ya mtoto. Hatuna mashaka hapo na hatutaki mtu atusingizie. Lakini hebu tuangalie jambo lenyewe lilivyo. Kijana aliyetupa jiwe, jiwe lile lilikuwa la kusaidia mtoto gani? Mtu aliyepita bila kumsogeza mbwa pembeni, zile dakika mbili alikwenda kumpa mgonjwa gani? Mara nyingi neno « watu kwanza » linasemwa na mtu ambaye saa ile hasaidii mtu wala mbwa. Wale tunaowajua mu quartier kwamba wanasaidia watu kweli, mama wa kupokea yatima, muuguzi wa kituo cha afya, ni nadra kumsikia mmoja wao akisema hivyo. Huruma haina kilo kama unga, kwamba ukimpimia mbwa itapungukia mtoto. Fedha zinapungua, ndiyo. Kwa hiyo tutenganishe yanayohitaji fedha na yasiyohitaji.

Yasiyohitaji fedha ni mengi kuliko tunavyodhani. Kumsogeza pembeni ili pikipiki nyingine isimpande. Kumtia kivulini. Maji. Kuwazuia watoto wasimchome na vijiti. Lakini hapa inafaa kusema wazi, kwa sababu huruma bila akili imekwisha kuua watu: mbwa mwenye maumivu makali anauma, hata anayekujua. Mtu asimshike kwa mikono mitupu. Amfunike kwa gunia ao kitambaa kizito, kichwa pia, kisha amvute juu ya ubao ao juu ya gunia lenyewe, bila kumkunja mgongo. Wala asimpe diclo ao ibuprofène ya farmasi akidhani anamsaidia; dawa hizo zinamtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo.

Na kuna kichaa cha mbwa, ile tunaita rage. Huu si ugonjwa wa hadithi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unaua watu karibu 59.000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wawili kati ya watano ni watoto wasiofikisha miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dalili zikianza, hakuna dawa tena. Kwa hiyo mbwa mwenye kutoa mate mengi, mwenye kushambulia ovyo, ao mwenye kuyumba bila kidonda, huyo asiguswe na mtu asiyejua. Waitwe wenye kazi. Aliyeumwa ao kukwaruzwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, halafu aende kituo cha afya siku ile ile kuuliza chanjo, asingoje kuona kama atapona. Tunajua chanjo hiyo si rahisi kupatikana kwetu. Ndiyo maana ni bora kuchanja mbwa wenyewe: wataalamu wanasema, mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia. Kisiwani Pemba, Tanzania, walifanya hivyo mwaka kwa mwaka mpaka ukakoma. Ukarudi mwaka 2016, wakaanza tena kuchanja, ukakoma tena. Kuua mbwa ovyo kwa sumu, kama miji mingi ya Afrika ilivyozoea, hakujaleta matunda hayo mahali popote, maana wanaobaki wanazaa na wengine wanaingia kutoka vijiji vya jirani. Mwenye kuogopa kichaa cha mbwa, na tuna sababu ya kuogopa, angemchanja mbwa wa jirani kabla ya kumtupia jiwe mbwa wa njia.

Yanabaki yenye kuhitaji fedha, na lile swali gumu. Veterineri wako mu Bukavu, ingawa wengi kazi yao ni ng'ombe, nguruwe na kuku, na mbwa wanaowaona ni wale wa kulinda nyumba za Muhumba na Nguba. Mguu uliovunjika unaweza kuungwa. Kidonda kinaweza kushonwa. Mbwa ana uwezo wa kuishi vizuri na miguu mitatu, hilo limeonekana mara nyingi. Watu kumi wa avenue moja wakichanga kidogo kidogo, inawezekana. Tunachangia matanga, tunachangia ndoa, tunajua kuchangia. Sheria haitatulazimisha. Kodi penali yetu ya mwaka 1940 inapozungumzia mnyama wa nyumbani aliyeuawa ao kujeruhiwa bure, inamwangalia zaidi kama mali ya mwenzako. Mbwa asiye mali ya mtu anabaki nje ya mlango. Kwa hiyo ni jambo la utu wetu, si la polisi.

Lakini yule mwenye mgongo uliokatika, asiyeungika? Hapa tunaachana na mbudha, kwa heshima. Tunaona kwamba kumwacha pale si kumwachia Mungu. Ni kumwachia jua, inzi na magurudumu. Mungu hakutuambia kwamba kazi yake ya huruma anaifanya kwa njia ya funza. Pasipo na tumaini, na pasipo na mtu wa kumbeba nyumbani kumlisha kwa mkono kama yule mama wa Thailand, kifo cha haraka ni deni letu kwake. Sindano ya veterineri ni bora kuliko njia zote. Mnyama analala, moyo unasimama. Pasipo veterineri, tunajua ni nini kinachofanyika: mawe ya watoto, fimbo kumi, kicheko. Hiyo si huruma, hata kama mwisho wake ni mmoja. Tunaweka tofauti hapo kwa makusudi, kwa sababu kuna watakaosoma na kusema, « Tazama, hata wao wanasema tuwaue. » Hapana. Tunasema mtu mzima, mwenye kujua, kwa mara moja, bila watazamaji, baada ya kuhakikisha kwamba haponi. Ni wazi kwamba neno « haponi » linaweza kutumiwa vibaya na mvivu: mguu umevunjika kidogo, tayari amehukumu. Kwa hiyo anayehukumu asiwe yule ambaye kifo cha mbwa kinampunguzia kazi.

Wawindaji wa zamani, kama baadhi ya wazee wanavyotueleza, waliona ni aibu kumtuma mtoto ao mgeni amalizie mbwa aliyepasuliwa na nguruwe wa pori. Mwenyewe alikwenda. Alimshika kichwa, kwa sababu mbwa alijua harufu yake. Lakini mbwa wa Nyawera anajua harufu ya nani? Katika mazungumzo yetu hapo ndipo tuliposhindwa kupatana. Wengine kati yetu wanasema avenue ambamo mbwa alikuwa anakula ndiyo mwenyewe, na chef d'avenue angepaswa kuwa na namba ya veterineri kama alivyo na namba ya wenye kuzika. Wengine wanaona mzigo huo ni mkubwa mno kwa mtu ambaye hata mshahara hana. Na mama mmoja wetu, mwenye kuuza samaki wa ziwa tangu miaka mingi, na ambaye mbwa watatu wanamngoja kila jioni wakati wa kufunga meza, amesema yeye hatamwita mwenye sindano, atabaki na mbwa mpaka asubuhi na kopo la maji. Tulimuuliza kama hiyo si kumuongezea mateso. Alituuliza kama kuna mmoja kati yetu amekwisha kukaa usiku mzima namna hiyo. Hakuna aliyejibu, na kikao kikaahirishwa hadi Jumapili ya pili ya mwezi.